Kichupa Chekundu

Ndugu yangu Nzivo akipata cha kujivunia, hatulali mpaka sote tukijue. Huko chuoni walikuwa wakijaribu maji ya majani fulani ya dawa ya kwetu, waone kama yatakinga chembe nyekundu za damu zisipasuke zikitiwa kemikali kali. Majani yakafaulu. Nzivo akapiga picha ya vichupa viwili, akaitupa kwenye kundi la familia. Kimoja kilikuwa chekundu kote, kinang'aa kama juisi. Kingine kilikuwa na maji meupe juu na mashapo mekundu chini. "Majani yetu yanalinda damu!" akaandika. Kichupa kipi ni kipi, hakusema.

Mama aliiona akiwa kwangu Komarock, alikokuwa akinilelea mwanangu Mativo nikienda kazini. Mativo alizaliwa na damu isiyojikinga: akinywa dawa isiyomfaa, chembe zinapasuka na macho yanageuka manjano. Daktari alitukataza kumpa chochote bila kumuuliza. Lakini Mama alimwamini mwanawe msomi kuliko daktari wa watu. Alichuma majani yale nyuma ya ploti, akayachemsha mpaka maji yakawa meusi, kama wanavyofanya kwao, akamnywesha mjukuu wake.

Niliporudi jioni ya pili, Mama alinipokea mlangoni na poti mkononi, anatabasamu. Mkojo ulikuwa mwekundu.

"Njoo uone, Wanza. Dawa imeshika. Ona rangi, ni kama ile ya picha!"

Nilipiga ukemi majirani wakatoka. Tulimkimbiza mtoto hospitali, na Nzivo akatukuta huko. Mtu wa maabara alipita akimtafuta daktari, ameshika kichupa cha damu ya Mativo. Mashapo yalikuwa haba, na maji ya juu yalikuwa mekundu.

"Si hiyo ndiyo nzuri?" Mama akamuuliza Nzivo, na sauti yake ilikuwa na matumaini hadi nikataka kuziba masikio.

"Hapana, Mathe. Hiyo nyekundu ndiyo imepasuka. Poa ni ile chembe zimekaa chini."

"Na majani?"

"Yalilinda damu ya mtu hana shida, tena kwa chupa. Sikusema mpee Mati."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Nilidhani inajulikana."

Inajulikana! Nilitamani kumzaba kofi mbele ya wagonjwa.

Mativo alikufa kesho yake asubuhi, damu ya kumwongezea ikiwa bado inatafutwa.

Sasa nyumba imejaa watu wa matanga. Mama halii. Kila anayeingia kutupa pole anamwekea simu yenye ile picha mbele, anamwambia aguse kichupa chenye damu njema. Mchungaji alikigusa chekundu. Mwalimu Maingi wa jirani naye alikigusa chekundu. Hata mimi ningekigusa. Nzivo amekaa pale pembeni, anaona kila kidole, na sijamwambia Mama aache.