Mkono wa Kushoto

Jumatano, tarehe 31 Mei, 1978. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya minazi tangu alfajiri, na joto limekaba. Mvua ya kwanza, iliyosubiriwa mwezi mzima, ilikuwa imefika mlangoni lakini haijabisha hodi. Isidra alikuwa na pini nne mdomoni na vazi la Bikira Maria begani alipofungua kisanduku cha mikono ya sanamu na kukuta mkono mmoja tu.

Akapapasa pamba. Akakipindua kisanduku. Mkono wa kulia ulikuwepo, mdogo kama wa mtoto wa miaka mitatu, wa pembe ya ndovu iliyoingia umanjano kwa uzee. Wa kushoto haukuwepo.

Akatema pini moja moja kiganjani, akakaa kwenye benchi.

Sanamu ya kigango kile ilikuwa uso na mikono tu. Chini ya nguo palikuwa na fremu ya mbao, nayo hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuiona, hata padre. Isidra, dobi wa watu, ndiye aliyezifua nguo zake, akazitia wanga, akazipiga pasi ya mkaa na kuivika sanamu kila Mei kwa miaka thelathini, kama mama yake kabla yake. Lakini Padre Anselmo, aliyehamia juzi juzi, alikuwa ametangaza Jumapili: "Kikipotea kitu kimoja hapa, sanamu inahamia parokiani, mjini."

Na sanamu ikihama, Mei ya watoto nayo imekwisha. Likizo nzima wanaogelea kijitoni na kurusha tiara, ila jioni ikikaribia wote hukimbilia kigangoni na maua, wakaimba litania, kisha wakanywa uji wa mchele na tui. Leo ilikuwa siku ya mwisho, siku ya maandamano. Kelele zao zilishaanza kusikika nje tangu asubuhi, wakimwita Isidra "Lola", yaani bibi.

"Lola, Pepot kaiba tena maua ya Mang Tiyago!"

"Sijaiba! Nimeyakuta yamelala njiani."

"Yamelala njiani na mizizi yake?"

Wakacheka. Isidra alitoka mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. Belen hayupo. Belen, mtoto wa Rosing wa ng'ambo ya kijito, ambaye Mei nzima ndiye aliyefika wa kwanza.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wiki iliyopita Belen alikuja kumwomba pamba. Tangu zamani, pamba iliyofutia mikono ya Bikira ilipelekwa kwa wagonjwa, wakawekewa kwenye paji la uso. Padre alikuwa ameyapiga marufuku mambo hayo.

"Padre amekataza, mwanangu," Isidra alimjibu siku ile, akiendelea kukunja nguo. "Nenda kasali rozari."

"Nimeshasali, Lola."

"Sali tena."

Sasa alijifunga kitambaa kichwani, akavuka kijito.

Rosing alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamezama, midomo imepasuka kwa homa. Mkono wa pembe ulikuwa kifuani mwake. Ameukumbatia kwa vidole vyote. Belen alisimama kati ya mama yake na mlango.

"Ulifunguaje kisanduku?"

"Ufunguo si unauweka chini ya chungu cha maua? Kila mtu anajua."

"Na Padre alisemaje?"

"Alikataza pamba," Belen alisema. "Hakusema mkono."

Isidra alipiga magoti, akanyoosha vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni. Rosing hakufumbua macho, ila aliukaza mkono ule, kama mtu anayevushwa mto. Isidra akaondoa vidole vyake.

"Mbona hamjampeleka hospitali?"

"Baba yuko melini. Mama hawezi kutembea, na mimi siwezi kumbeba." Mtoto akalivuta shuka la mama yake. "Nilijaribu, Lola."

Isidra alirudi peke yake. Alimvika Bikira vazi lake, akaupachika mkono wa kulia, na mkono wa kushoto wa vazi akaujaza asumini mpaka ukafura. Kwa kila pini aliyochomeka aliomba msamaha.

Alasiri kigango kilijaa. Matone ya kwanza yaligonga bati wakati watoto wanapanda mmoja mmoja mpaka kwa sanamu na maua yao. Pepot alifika, akajinyoosha kuweka ua lake juu kuliko wote, akakwaruza mkono wa kushoto wa vazi. Asumini zikamwagika mpaka sakafuni. Mkono wa vazi ukanywea, ukaning'inia mtupu.

"Yesu wangu!" mwanamke mmoja alilia.

"Ni wewe!" Mang Tiyago, yule mzee mwenye maua, alimshika Pepot sikio. "Maua hayakukutosha?"

"Sijagusa! Naapa sijagusa!"

Padre Anselmo alisogea. "Mama Isidra. Mkono uko wapi?"

Angeweza kunyamaza. Sikio la Pepot lilikuwa jekundu, na kigango kizima kilikuwa kimeshaamini kuwa yeye ndiye mwizi.

"Mwachie mtoto, Mang Tiyago," alisema. "Mkono uko kwa Rosing, ng'ambo ya kijito. Nimeuona asubuhi, nikauacha."

"Nilikataza mambo hayo."

"Ulikataza, Padre, nami nikatii. Mtoto wake alikuja akilia, nikamwambia asali tena. Sikuuliza hata mama yake anaumwa nini. Sisi sote hatukuuliza."

Mvua sasa ilibisha kwa nguvu. Isidra akatoa ufunguo wa kisanduku mfukoni, akauweka miguuni pa sanamu, katikati ya asumini zilizokanyagwa.

"Kesho alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, nitambeba Rosing mpaka hospitali, na mwenye bega alilete. Mkono utakwenda naye. Akipona, asipopona, nitaurudisha kwa mikono yangu, na siku hiyo mtaamua nani ashike ufunguo na sanamu ikae wapi. Naahidi mbele yenu nyote, na mbele yake huyu aliyebaki na mkono mmoja."