Mtumwa wa Bwana Mwema

Basi lilipoiacha Louisville, Marekani, asubuhi ile ya mwaka 2015, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya mahindi. Generoza alikuwa amefanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: ameondoka bila kumwomba ruhusa baba yake mdogo, Sipriani. Alimwachia kikaratasi tu mezani.

Na wala si kwamba angenyimwa. Jamani, mzee yule! Tangu alipomlea katika kambi ya wakimbizi Tanzania hadi kumtafutia kazi ya ghala kule Jeffersontown, hakumkatalia kitu. Unaomba, anakutazama, unasubiri uso wake ulegee, basi, umepata.

Balaa lilianzia darasa la jioni. Mwalimu alisimulia jinsi wanafalsafa wa Ulaya, karibu miaka mia nne iliyopita, walivyobishana: mtumwa wa bwana mwema, asiyepigwa wala kuzuiwa, je, yuko huru? Mmoja alisema huru ni yeyote asiyezibiwa njia, kama maji yanavyoteremka. Wengine wakakataa katakata: maadamu kila asubuhi lazima asome uso wa bwana wake, huyo ni mtumwa tu. Wenzake walicheka. Generoza alishikwa na hasira, kisha aibu, maana alimpenda baba mdogo kupita kiasi.

Sasa alikuwa anahamia Buffalo kusoma, akakae kwa rafiki yake Leya karibu na Grant Street. Akasinzia dirishani. Usingizini barabara ikawa mto, basi likaelea taratibu bila dereva, na mbingu nzima ikawa uso wa baba mdogo, mpole, naye akiukodolea macho aone kama umelegea.

Simu ilimwamsha mjini Columbus, abiria wakishuka kununua kahawa.

"Nimesoma kikaratasi chako," Sipriani alisema. "Umenivunjia heshima, mwanangu. Lakini omba tu, hata sasa hivi. Nitakubali, si unanijua?"

Alimjua. Neno moja tu, na baraka zote zingekuwa zake. Asipoomba, huenda asiikanyage tena nyumba ile. Machozi yakamlengalenga.

"Siombi, baba mdogo. Ninakuaga."

 

"Mkuu wa kambi," Sipriani akasema polepole, "hakuninyima kibali cha kutoka hata mara moja. Miaka kumi na miwili. Mtu mwema kweli." Akakohoa. "Nilimchukia."

Generoza alimsikia akianza kusema "nenda", kisha mzee akalimeza neno hilo la ruhusa.

"Ukifika Buffalo," akasema, "utanipigia? Ninakuomba."