Ukimya wa Korido Iliyoungua

Uligeuza uso, usinibishie. Bweni la wasichana lilipoungua pale chuoni ulisema "poleni," ukafungulia mpira. Mhariri wa filamu hakuwa na pa kugeuzia wake. Mdogo wake wa kuzaliwa alifia humo, na chuo kikampa yeye kazi ya filamu ya kumbukumbu.

Mlezi wa wanafunzi alitoa sharti moja.

"Habari za kufuli zitoe, mwanangu. Tunataka faraja. Funika kombe."

Mlango ulifungwa kwa nje. Wasichana waliugonga mpaka moshi ukawashinda. Na bweni lililobaki bado hufungwa vilevile kila jioni. Filamu isiposema, nani atasema?

Lakini mkataba ni mkataba. Akakata, shahidi baada ya shahidi, meno ameyauma. Kila alipokata pakabaki shimo, na shimo la sauti huzibwa kwa ukimya wa mahali penyewe. Fundi sauti, waliyemwita Popo, akaenda kuurekodi kwenye korido iliyoungua, mchana kweupe.

"Dada, mle ndani kuna nani?" aliuliza aliporudi.

"Awemo nani? Majivu?"

"Basi majivu yanabisha hodi."

Mhariri akacheka. Popo hakucheka. Mhariri akavaa visikilizio: ngo, ngo, ngo, taratibu, kama mkono uliochoka. Akajaribu kuusafisha ukimya ule. Uvumi wa upepo ukatoka, mlio wa kugonga ukabaki palepale.

Angeweza kutafuta ukimya mwingine. Aliutandaza huohuo chini ya filamu nzima.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa ukumbini. Mlezi akatokea kwenye skrini: "Tulifanya kila lililowezekana." Ngo, ngo. Kila alipovuta pumzi, mlango ukagongwa.

Mama mmoja akasimama. "Mfungulieni mtoto, jamani!"

"Zima!" mlezi akafoka.

Mhariri akazima. Skrini ikafa, spika zikafa. Mlio wa kugonga haukufa. Sasa ulitoka nje, upande wa bweni lililobaki.

Wakakimbia wote, mlezi nyuma yao. Wakachungulia dirishani: ndani hamkuwa na mtu. Wasichana walikuwa darasani. Ila kufuli lilikuwa mlangoni, zito, jipya, likining'inia kwa nje, nao mlango ukitetemeka.

"Ufunguo," mhariri akamwambia mlezi.

Mlezi akaufumbata mfukoni.

Jioni hii wanao watalala humo. Bado umekaa? Inuka, chukua nyundo, twende.