Gurudumu la Nyuma Kushoto

Baba yangu ni kinyozi, na kinyozi hana mdomo wa kufungwa. Jumamosi gari la babu liligonga ukuta wa jirani. Jumatatu shule nzima inaniita Breki.

Gari lenyewe la kizamani, lilikaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mimi na baba tulilifufua wenyewe, likizo nzima na kila Jumapili. Tuligombana, tukacheka, tukapakana grisi puani. Chuma, fundi mwenye gereji pale barabarani, alikuwa akipita anatikisa kichwa. Siku moja akaniambia, "Binti, hilo likitembea na likasimama, ukimaliza mtihani nakuchukua gereji ujifunze ufundi." Mwenzenu sikulala.

Ijumaa tulitoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana, analegeza nati ndogo ya gurudumu ili upepo utoke, kisha anaikaza. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Shikilia hapohapo!" Magurudumu matatu nilikaza mimi. La nne, la nyuma kushoto, baba akasema, "Toka mama, sasa zamu ya mzee," akaingia chini yeye. Simu ikaita, mteja anamsubiri kibandani. Akatoka mbio huku anajipangusa mikono.

Kesho yake uani palijaa: mashangazi, majirani, na Chuma mwenyewe. Baba akawasha, gari likanguruma, vigelegele vikapigwa. Likaanza kuteremka kuelekea langoni. Breki zikashika mara ya kwanza, zikashika ya pili. Ya tatu mguu ukazama mpaka chini, na gari likaenda kusimamia ukutani. Hakuumia mtu.

Baba alishuka uso umembadilika. Akawaangalia watu, akaniangalia mimi. "Si nilimwambia akaze! Watoto wa siku hizi, unawaachia kazi wanakuachia msiba."

Watu wakacheka. Mimi nikainama kuchungulia. Mafuta ya breki yalikuwa yanadondoka kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nilipoinua kichwa nikamkuta baba naye anatazama palepale, halafu akageuka. Chuma akanipigapiga begani. "Pole, binti. Breki si mchezo. Mambo ya gereji tuyaache kwanza."

Yaani! Nilipandwa na hasira. Lakini ningesemaje? Nimwite baba yangu mwongo mbele ya dada zake? Mama akaniambia, "Yaache mwanangu, yatapita." Yapite wapi, na kila anayenyolewa anasimuliwa?

Baba hakunitazama usoni tangu siku ile. Alhamisi uvumilivu ukanishinda. Nikaenda kibandani kwake, maneno yote nimeyapanga mdomoni. Nikafika mlangoni. Benchi limejaa wateja, na aliyeko kitini ni Chuma, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Hajambo Breki wako?" Chuma alikuwa anauliza.

Baba akacheka kidogo. "Yule? Namfundisha kufagia kwanza."

Benchi zima likaangua kicheko. Ndipo baba akainua macho kwenye kioo, akaniona.

Mashine iliendelea kunguruma hewani, hainyoi kitu. Akaizima.

"Ile nati niliiacha mimi," akasema. Hakuna aliyemwelewa. Ikabidi arudie kwa sauti zaidi, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Mtoto alikaza zake zote. Gurudumu lililovuja lilikuwa langu, nikaondoka bila kulikaza. Niliona palepale, nikamtwisha lawama yeye."

Mtu mmoja akakohoa bila kikohozi. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa hamu, na sasa nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aibu ilinishika upya, na safari hii haikuwa yangu. Baba yangu, bingwa wa soga, alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya wateja wake.

"Haya, nimalizie na upande huu," Chuma akasema, "nisije nikachekwa mimi." Hakuna aliyecheka. Akanitafuta kwenye kioo. "Binti, ukimaliza mtihani uje."

Nilitaka kumwambia ahsante. Badala yake nikamgeukia baba. "Shikamoo, baba," nikasema, kwa sababu tangu Jumamosi sikuwa nimemwamkia.

Akaitikia marahaba kwa midomo tu. Sauti haikutoka.