Migongo ya Barabara ya Nyangwe

Chimène hakuogopa njia. Miguu yake ilizoea mwendo wa mbali tangu alipokuwa akibeba mihogo hadi soko la Kasongo. Alichoogopa ni macho ya watu wake.

Mwaka jana, kwenye mbio za kilomita ishirini za barabara ya Nyangwe, aliongoza mpaka kijijini kwao, kilomita tatu kabla ya mwisho. Kijiji kizima kilikuwa barabarani na ngoma, mama yake Régina mbele kabisa, analia kwa furaha ya ushindi ambao haujapatikana. Tumbo la Chimène likabana, pumzi zikamkatika, akakaa chini mbele ya kanisa, na mbio zake zikaishia hapo. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Walimchemshia hata maji ya kuoga.

Mwaka huu mwalimu Kasimu, anayemfundisha mbio, hakumficha kitu.

"Wawili wa kwanza wataenda Kindu, mbio za jimbo. Ukikaa chini tena, dada, nitatafuta mwingine."

Basi Chimène akapiga moyo konde, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, ninakuomba, siku ile musiniangalie. Nikiona macho yenu, miguu inakuwa mizito."

Régina alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Mchi ukasimama.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

"Sawa. Nitawaambia wote."

Akaendelea kutwanga, na majani ya siku ile yalikiona cha moto.

Siku ikafika. Chimène alikimbia wa pili, nyuma ya Soraya, binti wa Nyangwe. Kijiji kilipokaribia, tumbo likaanza mambo yake ya zamani. Akajipa moyo: hawapo, wako mashambani. Akakata kona.

Walikuwapo wote. Pande zote mbili za barabara, toka nyumba ya kwanza hadi kanisani, wazee kwa watoto, wamempa mgongo, kimya. Papa Gérard, mkubwa wa kijiji, alijishika shingo kwa mikono miwili isije ikamponyoka. Hata mbuzi mmoja alikuwa ameshikwa kichwa. Ndio watu wa kwao hao: aliwaomba wasimwangalie, kubaki nyumbani hakuwaomba.

Kicheko kikampanda Chimène, na tumbo likalegea. Karibu na kanisa mkono mmoja ulinyooshwa kinyumenyume, umeshika kikombe cha maji. Aliujua mkono ule. Akanywa.

"Aksanti, mama."

Mgongo ukatikisika, lakini haukugeuka.

Hakumfikia Soraya. Alifika wa pili, na nyuma yake hakukuwa na mtu karibu. Akamwomba Kasimu amrudishe kijijini kwa pikipiki, palepale, hata jasho halijakauka.

Wengine walikuwa wamekwisha kugeuka, wanacheka, wanabishana nani alichungulia. Régina peke yake alikuwa angali amesimama, uso kwenye shamba la mihogo.

"Mama, wakimbiaji wamepita wote."

"Ninajua."

"Sasa unangoja nini?"

"Hukusema itaisha saa ngapi."

Chimène akazunguka akaja mbele yake. Mama alikuwa amefumba macho pia, kwa usalama zaidi, na mashavu yamelowa. Chimène aliona kwamba hakuna zawadi aliyopata kubwa kama mgongo ule. Akamshika mikono yote miwili.

"Nimekuwa wa pili, mama. Tunaenda Kindu."

"Tunaenda?"

"Mimi na wewe. Utasimama pale mwisho kabisa, na utaniangalia."

Régina akafumbua macho.