Oregano ya Mama Dévote

Oregano, majani ya kiungo, hukatwa asubuhi, umande ukishakauka na maua hayajachanua. Adija alilijua hilo, kwa hiyo kila Jumamosi alipenya ua wa miti na mkasi wake wa kushonea, akavuna bustani ya jirani yake Consolée, pale mtaani Gihosha. Consolée mwenyewe hakuwepo. Risasi zilipozidi mwaka 1995, alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na binti yake Dévote, akamwachia Adija ufunguo na kumwomba asiache oregano ichanue.

Haukupita muda, Xavier, mtu wa ofisini mwenye marafiki jeshini, akabadilisha kitasa na kuhamia. "Naichunga tu," alimwambia Adija, huku mafundi wakipaka sebule rangi. Adija hakumwamini hata chembe, lakini aliendelea kuvuna, maana mmea hauna kosa. Yeye hakuila, ilimpa kiungulia. Alimkaushia Consolée kivulini, akaihifadhi koponi. Xavier naye alichuma yake, akaipaka kwenye mishikaki ya mbuzi.

Waliokula mishikaki hiyo walianza kumwita Xavier Mama Dévote. Wa kwanza alikuwa bosi wake: alimeza kipande, akamuuliza Mama Dévote kama mtoto hajambo. Xavier, mwenye ndevu na kitambi cha bia, akajibu kuwa hajambo, anakua. Akina mama wa kwaya nao wakaonja, wakamletea kitenge cha sare. Kilimkaa vizuri.

Adija alifurahi kweli. Kama mtaa mzima unamtaja mwenye nyumba, haki iko karibu. Akamwita chefu, kiongozi wa mtaa, aje kuamua. Xavier akawakaribisha mishikaki. Ilikuwa Ramadhani, Adija amefunga, basi chefu akala mishikaki ya watu wawili.

"Chefu, hii nyumba ni ya nani?" Adija aliuliza, ufunguo mkononi.

"Ya Mama Dévote. Kila mutu anajua."

"Basi arudishiwe."

"Arudishiwe nini, mama? Si ule anaikala pale?" Chefu alimnyooshea Xavier kijiti cha mshikaki. "Mi sioni matata."

Xavier akaweka kitenge chake sawa magotini. Adija alirudi kwake na hasira iliyomsahaulisha hata kufuturu.

Consolée alirudi mwaka 2003, amekonda, Dévote ameolewa hukohuko Uvira. Mlinzi wa Xavier alimwambia kuwa Mama Dévote amepumzika, apite kesho. Akaenda kwa Adija. Adija alimkumbatia, akalia, akampikia ugali na samaki, na kwa furaha akamwaga kwenye mchuzi kopo zima la oregano. Alipokumbuka ilivyowafanya waliokula mishikaki, sahani ilikuwa imeshafutwa.

Consolée akatoka uani kunawa. Ng'ambo ya ua, Xavier alikuwa akimwagilia bustani.

"Mwiriwe, Mama Dévote," Consolée alimsalimia. "Oregano yako inapendeza. Lakini angalia, inakaribia kuchanua."

"Merci, jirani. We ukitaka, kuja uvune."

Jumamosi Adija alimpa Consolée mkasi, kwa kuwa Consolée ndiye aliyejua kuikata vizuri.