Kisiki Kilichobaki Chini ya Sebule

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Tingatinga, kwa jinsi alivyong'oa visiki kwa mikono utadhani ana injini kifuani. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Ukimuuliza tofauti yake na tingatinga la chuma, hujibu, "Lile linakunywa dizeli, mimi nakunywa chai. Tena lile huharibika."

Mwalimu mmoja mstaafu alipotaka kujenga nyumba ya kuzeekea, kiwanja chake kilikuwa na visiki saba vya mikaratusi. Kazi ya ujenzi alimpa mwashi aliyemuoa dada yake Tingatinga, mtu mpole, mwenye kupima mara tatu kile ambacho wenzake hukikisia kwa jicho. Huyo mwashi ndiye aliyemleta Tingatinga kwa mwalimu.

"Huyu akikwambia kimetoka, ujue kimetoka," alimsifu.

"Siku tatu tu, mwalimu," Tingatinga akatamba.

"Shemeji, chukua hata wiki," mwashi akamwambia. "Hakuna anayetukimbiza."

"Nimesema siku tatu. Au hunijui?"

Visiki sita havikumpa taabu. Alichimba kuzunguka, akakata mizizi ya pembeni kwa shoka, akapenyeza mtaimbo chini na kuvipindua kimoja baada ya kingine. Cha saba kilikuwa palepale ambapo sebule ingekuja kukaa, na hicho kilikuwa na kiburi kumshinda yeye. Siku ya tatu mchana alikuwa ameshazama shimoni hadi kiunoni, na mzizi mkuu, mnene kama paja la mtu, bado unateremka. Shoka likiupiga linarudi kama limegonga jiwe. Viganja vilikuwa vimechubuka na mgongo unawaka moto.

Angeweza kusema, "Niongezeeni siku mbili." Wala hakuna ambaye angemnyima. Lakini alishatamba, na kumeza maneno yake kulimshinda kuliko ule mzizi. Akakikata kisiki kichwa, akakirusha hicho kichwa kwenye rundo la wenzake, akafukia shimo. Akashindilia, akamwaga maji, akashindilia tena, mpaka udongo ukawa hauna la kusimulia.

Jioni mwashi alikuja na kamba na vigingi vyake vya kupimia.

"Vyote vimetoka?"

"Vyote."

"Na kile kikubwa cha katikati?"

"Shemeji, unaniuliza mimi swali hilo?"

Mwashi akacheka, akamshika bega. "Nisamehe, shemeji. Mazoea tu."

Nyumba ilijengwa, ikapendeza, mwalimu akahamia. Mwaka wa nne sakafu ya sebule ikaanza kubonyea katikati. Kabati la vyombo likainama, na ufa ukapanda ukutani kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Mwalimu akamwita mwashi. Mwashi akapima, akagonga, akainuka akitikisa kichwa. Hakuelewa. Maneno nayo hayana mlango: kabla ya wiki kuisha watu walishasema kwamba fundi alikuwa anapeleka saruji kwake na kumjengea mwalimu kwa mchanga.

Kikao kilifanyika uani kwa mwalimu. Mwashi alisimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, sikuchukua hata mfuko mmoja. Shemeji yangu huyu hapa alikuwepo tangu kiwanja ni pori. Shemeji, waambie. Ile ardhi si ilikuwa safi?"

Macho yote yakamgeukia Tingatinga. Alijua vizuri kilichokuwa chini ya sebule ile.

"Ilikuwa safi," alisema, akitazama vidole vya miguu yake.

Basi mwalimu akamwita mwashi mwizi mbele ya wote, na mzigo wote ukamwangukia yeye. Kazi zikamkauka. Aliyekuwa amemwahidi ukuta akampa mwingine, aliyekuwa na paa akasema atasubiri. Baada ya miezi kadhaa alifungasha vitu vyake, akamchukua mke na watoto, wakahamia mji wa mbali alikopata kazi ya kulinda geti. Tingatinga aliwasaidia kupakia mizigo. Dada yake alimshukuru mara mbili, na kila shukrani ilimchoma kama mwiba.

Mwaka uliofuata mwalimu alileta fundi mwingine kuvunja sakafu. Chini ya zege wakakuta pango, mchwa wamejaa tele, na katikati yake kisiki kilichooza, kimebaki maganda. Fundi mgeni hakujua habari za nyuma. Akauliza nani hung'oa visiki mtaani hapo, akatuma mtu amwite Tingatinga.

Alipofika, mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya lile shimo.

"Hiki kilikuwa cha ngapi?" mwalimu akamuuliza taratibu.

"Cha saba, mwalimu. Nilikiacha. Nilijua nimekiacha."

Mwalimu aliinama, akakitazama kile kisiki. Kisha akasema, "Nilimwita mtu mwizi hapo uani kwangu, mbele ya majirani. Na wewe ulikuwa umekaa pale." Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

Siku hiyo Tingatinga alichimba mpaka ncha ya mwisho ya mzizi, akakataa ujira. Kesho yake alipanda basi kwenda kwa shemeji yake, na barua ya mwalimu ya kuomba radhi mfukoni.

Alimkuta mwashi amevaa sare ya mlinzi, anajiandaa kwenda kazini. Akamweleza yote bila kuficha, toka kule kutamba kwake hadi siku ya kikao. Dada yake aliacha kukuna nazi, akasimama mlangoni akisikiliza.

Mwashi aliisoma barua, akaikunja.

"Mwalimu anasema urudi," Tingatinga alisema. "Atawaita watu wote, aseme ukweli. Na mimi nitasema."

"Nirudi na nini, shemeji? Mwiko, pimamaji, vyote niliviuza." Akafunga vifungo vya shati. "Kukosea kazi, ungeniambia, tungechimba wote. Lakini siku ile uani nilikuomba neno moja tu."

Mwashi akamuaga kwa adabu, kama anavyoagwa mgeni yeyote, akaenda getini kwake.

Dada yake alimpa chai, akakaa naye mpaka alipomaliza. Kisha akamsindikiza hadi kona ya kwanza tu. Zamani angefika naye mpaka kituoni, akimpa salamu za mtaa mzima.

"Safari njema, kaka," alisema.

Tingatinga alingoja aambiwe karibu tena. Dada yake alijifunga kanga vizuri, akageuka, akarudi kwenye nazi yake.